Kiuno kinapanuka ilhali chakula ni kilekile: nianzie wapi?

Swali

Habari zenu nyote. Nina umri wa miaka 45, na siku hizi nguo zinanibana kiunoni ingawa sidhani kwamba ninakula kuliko zamani. Wenzangu wananishauri niache wanga kabisa. Nimejaribu kuruka mlo wa asubuhi, lakini ifikapo jioni njaa huwa kali kiasi kwamba ninakula nikiwa nimesimama jikoni, hata kabla chakula hakijapakuliwa. Ningependa kujua ni mazoea gani ya kula ambayo mwanamke wa umri wangu anaweza kudumu nayo kwa miaka bila kujitesa.

Jibu la kwanza

Dada, njaa hiyo ya jioni usiihesabu kuwa udhaifu wako. Mwili ulioshinda na njaa hudai haki yake usiku, na mara nyingi huidai kwa vyakula vitamu na vya mafuta. Mimi ningeanza na mlo wa asubuhi wenye protini, kama vile mayai, maziwa ya mgando au maharage, kwa sababu protini hushibisha kwa muda mrefu na husaidia kulinda misuli, ambayo hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga. Misuli ikipungua, mwili hutumia nishati kidogo hata ukiwa umepumzika, na hapo ndipo chakula kilekile cha zamani kinapogeuka kuwa kingi. Tena, mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na mafuta huanza kujilimbikiza zaidi tumboni kuliko mapajani na nyongani.

Wanga usiuache, upunguze tu. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe chakula cha protini, na robo iliyobaki iwe wanga, hasa wa nafaka zisizokobolewa. Kisha angalia mafuta ya kupikia, ambayo wengi wetu huyasahau: gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu 1 ya wanga au ya protini ina 4, kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja hubeba takriban kilokalori 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hawezi kujua ametia vijiko vingapi. Pima kwa kijiko, na utashangaa jinsi mboga zinavyoiva vizuri kwa mafuta machache.

Jibu la pili

Naongezea suala la vinywaji. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 330 peke yake huweza kukipita kiwango hicho cha chini. Kula tunda zima badala ya kulikamua, maana nyuzinyuzi zake hushibisha.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila nakusihi usiihukumu juhudi yako kwa mizani ya kila asubuhi. Siku zinazotangulia hedhi mwili huweza kuhifadhi maji, na uzito ukapanda bila mafuta kuongezeka. Pima kiuno pia, kwani kwa mwanamke mzingo unaozidi sentimita 80 huashiria hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha kabisa. Ikiwa bado unapata hedhi, usipunguze vyakula vyenye madini ya chuma, kama vile nyama isiyo na mafuta, dengu na mboga za majani. Na ikiwa uzito unaongezeka pamoja na uchovu usioisha, kuhisi baridi kupita kiasi na kufunga choo, muombe daktari akupime tezi ya shingo kabla hujabadilisha mlo wowote.