MJADALA: Chakula cha mchana cha pamoja ofisini, ni haki kukatwa kwenye mshahara?

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi.

Ofisini kwetu hapa Mbeya mjini uongozi umeleta pendekezo: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tule pamoja, na kila mtu akatwe elfu kumi kwenye mshahara, kuanzia mkuu hadi mhudumu. Lengo, tumeambiwa, ni umoja. Waliofurahi wamepiga makofi, wengine wamenyamaza, na mtumishi akinyamaza mbele ya bosi wake sote tunajua maana yake.

Nisiwazungushe, msimamo wangu ni huu: kula pamoja naunga mkono, makato napinga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kuwa tu kikao kimependa. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi. La sivyo liwe deni ambalo mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi likatwe. Pilau ambayo sijaagiza si deni langu. Sheria hiyohiyo inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa amekutaka ufanye kazi au ukae tayari kwa kazi. Sasa mkinilazimisha kukaa mezani nisikilize taarifa ya robo mwaka huku wali unapoa, hayo mapumziko yako wapi?

Halafu hiyo Ijumaa. Saa saba mchana Waislamu wako msikitini. Kwaresima ikiingia, Wakatoliki hawali nyama siku hiyo. Mtu akasema basi tule kambale. Msabato wetu akakumbusha kwamba samaki asiye na magamba yeye hamli. Wote hawa wangekula vizuri Jumatano, lakini hakuna aliyewauliza. Na kitimoto, yaani nguruwe, jamani, najua Mbeya tunakipenda, ila kiliwe jioni na wanaokitaka. Mezani pa ofisi, hata kikiwekwa kwenye sufuria yake, kuna mtu atakula huku anakagua kila kijiko.

Linaloniuma zaidi ni mlinzi wetu. Ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, kwenye orodha yetu ya mishahara hayumo, kwa hiyo hakatwi. Hakatwi, na haalikwi. Ila viti atabeba yeye. Nilipouliza nikajibiwa "tutamfungia chakula kidogo". Umoja gani huo unaoishia getini?

Karibuni, msinionee haya.

Mdau wa Forest Mpya: Mimi nasimamia watu, nitasema upande wa pili. Mkisema hiari, siku ya kuchanga hawapo, siku ya kula wamejaa na sahani wanarudia. Mwisho wanaochanga ni walewale kila mwezi, wakichoka jambo linakufa. Tena usidharau huo umoja. Kwetu kuna kijana aliripoti kutoka Songea, alikaa muda mrefu hajui jina la mtu wa chumba cha pili. Kila mtu anakula mezani kwake mlango umefungwa. Siku tulipokula pamoja ndipo akagundua mhasibu ni wa kwao. Lazima kidogo ina faida yake.

Mdau wa Iringa: Kamwene. Sisi hatuchangishani, kila mtu anakuja na hotpoti yake. Inapendeza ukiisimulia. Ukweli wake: akina mama wanaamka alfajiri kukaanga kuku na kupika wali, akina baba wanapitia dukani kununua soda. Baridi ya Juni unabeba hotpoti kwenye bodaboda kutoka Kihesa, halafu mtu aliyeleta maji ya chupa anauliza mbona chumvi haijakolea. Bora pesa.

Mhudumu: Naomba niseme na mimi. Elfu kumi kwangu ni unga na mboga za nyumbani, siyo hela ya mlo mmoja. Na siku mnayofurahi ninyi ndiyo siku yangu ngumu kuliko zote. Nyie mnapiga picha, mimi nabaki na masufuria mpaka jioni, muda wa ziada silipwi. Mkila, mkumbuke na hilo.

Mtoto wa Tukuyu: Mnabishana sheria, mimi nauliza kitapikwa nini. Kama ni chipsi kuku tena, siji hata bure. Wilaya ya Rungwe imejaa ndizi, mchele wa Kyela upo, parachichi tunasafirisha hadi nje ya nchi, halafu ofisi ya Mbeya inaagiza chipsi! Pikeni ndizi zetu za mbalaga na maharage muone kama kuna atakayekosa. Ndaga fijo.

Mwanzisha mada: Nimewasoma. Mdau wa Forest Mpya, hoja ya wanaokula bila kuchanga nimeipokea, lakini dawa yake ni orodha, siyo makato. Anayetaka anaandika jina na kutuma hela siku tatu kabla, na mama lishe wa Mwanjelwa anapika kwa orodha hiyo. Ukimpa taarifa mapema anajua anunue kilo ngapi za mchele, hapikii watu wa kudhani. Jina lako halipo, sahani yako haipo, tusilaumiane. Huyo kijana wa Songea mlipieni mara ya kwanza, ni mgeni.

Na kiwango kisilingane. Mkuu anayetaka umoja atoe cha mkuu, idara ibebe mchele na mafuta, sisi wa katikati tuchange nyama na mboga. Mhudumu na mlinzi wale bila kudaiwa, na mlinzi apokewe geti kwa zamu ili akae mezani kama watu. Vyombo aje navyo mama lishe na aondoke navyo, gharama iwe ndani ya mchango. Mbalaga naipigia kura.

Hotuba zisiwepo kabisa. Hapo sina maelewano na mtu.

Kikao ni Jumanne. Nataka kwenda na mfano wa ofisi halisi, siyo maneno yangu tu: kama kwenu mnakula pamoja kwa hiari na jambo limedumu, semeni nani anashika hela na mnafanyaje mwezi ambao waliojiandikisha ni wachache.