Binti yangu kavaa sare ya rubani, duka limempost kama "mhudumu wetu mrembo". Haya matangazo ya nguo za watoto nani anayaangalia?

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira, kwahiyo nikikosea herufi mnivumilie, nimetoka shifti ya usiku asubuhi na mpaka sasa hivi sijalala kisa kapicha kamoja ka Instagram.

Iko hivi. Shule anayosoma binti yangu (ana miaka sita, darasa la kwanza) wana ile siku yao ya watoto kuvaa nguo za kazi wanazotaka kufanya wakiwa wakubwa, kariadei wanaiita. Taarifa imekuja kwenye grupu la wazazi Jumanne jioni, siku yenyewe Ijumaa, katikati ya mwezi, hela hakuna, ila mtoto keshaambiwa darasani na keshachagua. Wa kwangu kachagua urubani. Wala hajaanza leo. Tunakaa Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati hapa mpaka unakata maongezi unasubiri ipite ndo uendelee, na huyu mtoto tangu ana miaka mitatu akisikia mngurumo anatoka nje mbio na kijiko mkononi kuangalia kama ni ile ya twiga (Air Tanzania) au ya watu wengine.

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Mnayajua haya maduka ya Kariakoo yanayouza nguo za watoto za kariadei, tunatuma mikoani, lipia ukipokea, namba ipo juu. Nikakaa nae kwenye kochi tukawa tunapitia picha pamoja, na hapo ndo nilipokosea, ningeangalia peke yangu.

Daktari, mvulana, koti jeupe, kipimo masikioni, anamsikiliza mdoli kifua. Injinia, mvulana, kofia ngumu na mchoro mkononi ananyoosha kidole juu utadhani kuna ghorofa. Zimamoto mvulana, kashika mpira wa maji. Jaji mvulana, kanyanyua nyundo. Rubani mvulana, miwani ya jua na kindege cha plastiki. Mwanajeshi mvulana, tena mabaka kabisa, wakati hao hao JWTZ Agosti 2023 walitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na sare zao, ila tuache hilo. Wasichana sasa. Nesi. Mhudumu wa ndege. Mwalimu. Malkia mwenye taji. Halafu, sikilizeni, bi harusi. Kwenye ukurasa wa nguo za KAZI kuna mtoto wa miaka mitano kavalishwa shela na kushikishwa maua. Jamani bi harusi ni kazi? Mshahara unaingia tarehe ngapi?

Kitu kingine nilikiona nikipitia mara ya pili. Wavulana wote kuna kitu wanafanya, mkono umeshika kifaa, jicho liko kwenye kazi. Wasichana hawafanyi chochote, mkono kiunoni, shingo imelegezwa pembeni, wanakuangalia wewe unaetazama. Hata yule nesi, ambae kwenye maisha ya kweli hana sekunde ya kusimama, kasimama tu anatabasamu.

Binti yangu katulia kidogo akaniuliza, "Baba, kwani marubani wote ni wakaka?"

Nikamtafutia video ya Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya, yule mwanamke aliyekuwa nahodha wa ndege ya Boeing Dreamliner tangu 2014, kaangalia mara nne. Sawa, likaisha. Nikamtumia muuzaji ujumbe kuwa nataka ile ya rubani, saizi ya miaka sita, ya msichana. Mazungumzo yenyewe haya hapa, sijaongeza neno:

"Kaka hiyo ni ya kiume."
"Tofauti yake na ya kike ni nini?"
"Ya kike ina sketi na skafu kaka angu."
"Hiyo si ya mhudumu?"
"Ndio, eahostesi. Wa kike ndo wanachukuaga hiyo, itampendeza sana."
"Dada, mtoto hajaniomba apendeze, kaomba aendeshe ndege."
"😂😂 Sawa kaka. 38,000, na boda 5,000."

Nguo ikaja, shati jeupe, suruali, tai, kofia, mistari minne ya dhahabu mabegani. Minne ndo nahodha, mitatu ni msaidizi wake, hilo binti yangu alinifundisha yeye sijui kalitoa wapi. Ijumaa kaenda, karudi, kakataa kuvua, kalala na kofia. Muuzaji akaandika kwa mama yake (namba ya kupokelea mzigo ilikuwa ya mama), "mamaa tutumie picha tuone alivyotokelezea". Mama yake kwa ustaarabu wake akatuma. Alijua anamtumia mtu aliyemhudumia vizuri, basi.

Jana usiku nipo kazini, saa nane, wodi imetulia, mwenzangu ananionyesha simu: "Huyu si binti yako?"

Ni binti yangu. Kwenye ukurasa wa duka. Uso umelainishwa na kung'arishwa mpaka rangi aliyorithi kwa bibi yake imepotea, midomo imewekwa wekundu ambao hajawahi kupaka maishani mwake. Na juu ya picha ya mtoto mwenye mistari minne begani na kofia ya nahodha wameandika: MHUDUMU WETU WA NDEGE MREMBO JAMANI. Chini yake mijibaba mizima inaandika "mkwe wangu huyo", "naweka oda mapema". Mtoto wa darasa la kwanza! Ndugu zangu mnaoandika huo utani wa mkwe kwenye picha za watoto msiowajua, acheni. Haukuwahi kuchekesha.

Kwahiyo tumehangaika kote huko, mtoto kavaa suruali, tai, mistari, kila kitu, na bado kwenye tangazo kavuliwa cheo kapewa trei. Sare ipo pale pale, watu wana macho, lakini wameona msichana karibu na ndege basi akili imemalizia yenyewe.

Sasa kabla hamjanirukia, siidharau kazi ya uhudumu wa ndege. Yule mtu kazi yake ya kwanza ni usalama wako, ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 na nusu ya milango ikiwa imefungwa, na anaekutoa humo ni huyo huyo wa skafu. Ningeona tangazo limemuonyesha mtoto anafungua mlango wa dharura ningepiga makofi. Ila tangazo halijui hiyo kazi, linajua skafu.

Na mimi nina uchungu wangu binafsi hapa, nausema. Mimi ni nesi. Mwanaume, mwaka wa kumi na moja wodini. Kila wiki naishi hii hadithi: nimesimama na daktari bingwa, mwanamke, alienifundisha mambo mengi, mgonjwa ananigeukia mimi "dokta naomba unisaidie", halafu anamwambia yeye "nesi, niletee maji". Dokta siku hizi anacheka tu, maji anampa. Mzee wa watu hana kosa, miaka sabini kaonyeshwa koti jeupe ni la mwanaume na kikofia ni cha mwanamke, atajuaje. Na hicho kikofia chenyewe, kwenye matangazo haya nesi ni kijigauni cha pinki na kofia yenye msalaba mwekundu. Kwanza mimi sina gauni. Pili huo msalaba mwekundu sio urembo wa manesi, ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, haibandikwi popote unapojisikia. Nina mtoto wa kiume pia, ana miaka minne, anataka kuwa kama baba. Kwenye ukurasa mzima wa duka lile hakuna nesi hata mmoja mvulana. Nimehesabu picha 64 saa tisa usiku, hakuna.

Kuna mwenzangu kazini kanambia "hizo picha wanazichukua tu kutoka kwa Wachina, wao hata hawafikirii". Kweli, zingine hata maandishi ya Kichina hayajafutwa pembeni, watoto ni wazungu, na nguo ikifika ni nyingine kabisa. Lakini hiyo haiwaokoi. Picha ya binti yangu haikutoka Uchina, imetoka Kiwalani, na maneno wameandika wao kwa Kiswahili chao.

Na kuna ile hoja ya "ni biashara, wateja ndo wanavyotaka". Usiku ule sina usingizi nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Sweden mwaka 2012 kampuni iliyokuwa na maduka ya Toys R Us kule ilitoa katalogi ya Krismasi, na watu wakaifananisha na ile ya Denmark ya kampuni hiyo hiyo. Ukurasa uleule, Denmark bunduki ya kuchezea kashika mvulana, Sweden kashika msichana. Mtoto anaebeba mdoli, Denmark msichana, Sweden mvulana. Bidhaa ni zile zile, bei ya kutengeneza ile ile, kilichobadilika ni nani kasimama kwenye picha. Uingereza tangu Juni 2019 kanuni zao za matangazo zinakataza kumuonyesha mtu kwa dhana za jinsia zinazoweza kuleta madhara, na mwaka huohuo tangazo la jibini na la gari yakapigwa marufuku. Hispania Desemba 2022 wakaanza kutumia kanuni za matangazo ya vitu vya kuchezea watoto, usiseme hiki cha wasichana hiki cha wavulana. Sisemi tuige kila kitu, najua mtaniambia maadili yetu. Ila maadili gani haya? Nchi hii Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke tangu Machi 2021, anakagua gwaride na wanaume wanampigia saluti, halafu duka la Kariakoo linasema nguo ya jeshi ni ya kiume?

Kuhusu picha kutumika bila ruhusa, nimeambiwa na wadau wa sheria kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, tena taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Mama yake alituma picha ya kuonyesha nguo imemkaa, hakusema mwanangu awe bango. Anaejua utaratibu wa kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anielekeze hapa hapa, duka silitaji kwanza nafuata njia.

NYONGEZA saa 10 jioni: Naona mmejibu wengi, asanteni. Mkuu uliesema "mzee unakuza mambo, mtoto mwenyewe hajui kusoma", anajua. Yuko la kwanza, anasoma kila bango njiani mpaka kondakta anamchoka. Kasoma kwenye simu ya mama yake leo mchana, silabi kwa silabi, mhu-du-mu, halafu akauliza kama mistari yake ilikuwa haionekani vizuri.

Dada wa Mombasa uliesema kwenu ni hivyo hivyo na kijana wako alitaka awe mpishi akaletewa aproni ya maua, pole, nimecheka lakini pole.

NYONGEZA 2, saa 2 usiku: Duka wamejibu. Nimewaandikia kwa adabu tu kwamba picha ishuke, wakanijibu "samahani sana kaka tumerekebisha". Nikaingia kuangalia. Picha ipo. Midomo bado myekundu. Maneno ndo yamebadilika, sasa yanasema RUBANI WETU MREMBO JAMANI, na mimi nimetumiwa punguzo la 5,000 kwa oda ijayo.

Nimewaambia ishuke, sikusema wabadilishe maneno. Tiki mbili za bluu, kimya. Namba ya Tume mwenye nayo atume inbox.