Naomba ushauri: televisheni inawavutia, darubini inawavunja moyo

Ndugu zangu wapenda nyota, naombeni ushauri.

Nina wanagenzi wanne. Huwa tunaangalia kwanza kipindi cha anga kwenye televisheni, kisha tunatoka nje na darubini. Kinachonikwamisha ni rangi. Kwenye skrini Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi na vumbi angani, inawaka waridi. Kwenye darubini ni kaukungu ka kijivu. Juzi mmoja alifuta lenzi kwa shati akidhani ina vumbi. Nimewaeleza kwamba kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu, jicho haliwezi. Wanaitikia, lakini nyuso zimepoa, na inaniuma.

Mwezi wetu, na ile miezi 4 mikubwa inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita), viliwasisimua kweli.

Je, nitangulize anga, kipindi kifuate? Na baada ya Mshtarii niwaonyeshe nini kisichofifia mbele ya televisheni?