Mzee wa Kivietnam kanialika kumbukumbu ya Aprili 30 halafu nimeharibu, naombeni ushauri

Kijana wa Makorora:
Wakuu habari zenu. Niko California, nimepanga chumba cha uani kwa mzee mmoja Mvietnam, zamani mwanajeshi wa Vietnam Kusini, mji mkuu wao Saigon ulipoanguka Aprili 30, 1975 wakomunisti wa Kaskazini wakamfunga kambini miaka, alipotoka akakimbia kwa boti na mdogo wake, mdogo akafia baharini. Picha yake iko sebuleni, kila asubuhi anachomewa udi na kuwekewa kikombe cha chai. Sasa mzee akaniambia tarehe 30 twende wote kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita ya Vietnam, mji wa Westminster hukuhuku California, nikakubali fasta. Juzi si nikaingia jikoni na tisheti nyekundu yenye nyota ya njano, zawadi ya mshikaji wa kazini ambaye ni wa Hanoi, kule Kaskazini, mi nikajua mzee atafurahi! Kaniangalia kifuani, akazima jiko, wali ukabaki hapohapo. Tangu siku hiyo salamu tu. Niende au nikaushe?

Fundi Simu:
😂😂 Mkuu umemvalia bendera ya waliomfunga. Yao ni ya njano yenye mistari mitatu myekundu. 1999 hapohapo Westminster mwenye duka la video alitundika hiyo ya nyota na picha ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Kaskazini, watu wakaandamana dukani kwake karibu miezi miwili.

Bibie Likoni:
Niko San Jose, nishaenda mara mbili na jirani yangu. Usimjazie maneno mdogo wangu, nunua machungwa, muombe uyaweke pale kwa picha, shika kijiti cha udi kwa mikono miwili uiname. Siku yenyewe vaa shati jeupe. Huwa wanaimba nyimbo mbili za taifa, ya Marekani na ya nchi yao ambayo kwenye ramani haipo tena, halafu kimya, wazee wamevaa magwanda yamenyooshwa pasi mpaka unaogopa kuwagusa. Wenyewe wanaita Aprili Nyeusi kwahiyo habari za "heri ya siku" acha, na mji sema Saigon, usiseme Ho Chi Minh, hilo ni jina walilopachika walioshinda. Bahasha nyekundu usibebe, hiyo ya mwaka mpya wao.

Mkwezi:
Ila wa Hanoi naye msimlaumu, kwao Aprili 30 ni sikukuu ya taifa, watu wanapumzika. Mi naona mzee angemwelekeza tu dogo kuliko kumnunia.

Bibie Likoni:
Mkwezi we hujafiwa na mtu ukakosa hata kaburi la kwenda kupalilia.

Mkwezi:
Haya dada yameisha.

Kijana wa Makorora:
Mrejesho. Machungwa nimepeleka, nikamwambia tisheti nimeshaitoa humu ndani. Hakujibu. Udi akaniwashia yeye maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka, baadae akamenya chungwa moja akanipa nusu, akauliza shati jeupe ninalo? Nikasema ninalo. Sina, kesho naingia dukani.