Familia ya Bombo: vidoa vya Mama

Sauda: Asalaam alaykum nyote. Mama ameamka na vidoa vyekundu miguuni, vidogo kama ncha ya sindano. Haviwashi. Na alipopiga mswaki, fizi zilitoka damu.

Mjomba Juma: Waalaykum salaam. Pole, mwanangu. Si mbu hao? Mvua hii imewaleta wengi.

Mama Mdogo: Sauda, bonyeza kimoja kwa kidole. Kinafifia?

Sauda: Hakififii, kiko vilevile.

Mama Mdogo: Basi si mbu. Ni damu inavuja chini ya ngozi. Kemo, zile dawa zake za saratani, alipata lini?

Sauda: Jumatano ya wiki iliyopita.

Mama Mdogo: Ndizo siku zenyewe. Kemo hupiga uboho wa mifupa, na chembe sahani za kugandisha damu hutengenezwa humo. Mtu mzima mwenye afya anazo 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 10,000, damu inaweza kutoka yenyewe bila hata kujikwaa. Hata ndani ya kichwa.

Ramadhani: Yarabi. Mgongo unamuuma, nilikuwa njiani kumletea diklofenaki.

Mama Mdogo: Usimpe, baba! Wala aspirini, wala ibuprofeni. Hizo zinazidisha kutoka damu. Na kliniki ya mtaani isimchome sindano ya tako. Sauda, mpime joto kabla ya kumpa Panadol, isije ikaficha homa.

Sauda: 36.8.

Mjomba Juma: Nimchukue kwa boda sasa hivi?

Mama Mdogo: Hapana kaka, gari. Akianguka na damu hiyo haitakamatika. Mpelekeni Taasisi ya Saratani, Mulago, Kampala, leo hii, na kitabu chake cha matibabu. Kichwa kikimuuma sana, akichanganyikiwa au akitoa choo cheusi, semeni mlangoni kabla ya kukaa foleni.

Ramadhani: Sisi vijana tutoe damu?

Mama Mdogo: Nendeni benki ya damu ya Nakasero, Mungu awabariki. Chembe sahani haziwekwi kwenye friji. Zinatikiswatikiswa kwenye nyuzi 20 hadi 24, na baada ya siku 5 hivi hazifai tena, ndiyo maana zinakosekana. Dozi moja ya mtu mzima huweza kuhitaji damu ya watu 4 hadi 6.

Ramadhani: Tuko watano. Tunaondoka.

Sauda: Majibu yametoka: 8,000. Wanasema wanamwongezea leo, wanangoja chembe zifike.

Mjomba Juma: Alhamdulillahi mmewahi. Nalala naye mimi, Sauda kapumzike.

Mama Mdogo: Kaka, mnunulie mswaki laini. Ule wa zamani utupwe.