DJ wa muvi za kutafsiri umeniharibia usiku, nakudai mia tano yangu

Wakuu, nina hasira hapa hata chai haipiti kooni.

Jana nimerushiwa muvi kwenye flashi pale bandani, mia tano. Single White Female, ya 1992. Ya zamani, najua, ila dada yangu alinihadithia tangu niko sekondari nikawa naitafuta. Nikafunga mlango, nikazima taa, nikajifunika kanga mpaka puani.

Kwa asiyeijua: Allie yuko New York, anatengeneza programu za kompyuta. Kagombana na mchumba, kamtimua, kaweka tangazo la kutafuta mtu wa kukaa naye. Anakuja Hedy. Mpole, macho chini, sauti ya kuomba radhi. Muvi nzima ni kujiuliza huyu mtu ana nini.

Sasa DJ wetu, huyu anayetafsiri kwa kuongea juu ya muvi. Hedy ndio kwanza anaingia mlangoni, jamaa anapayuka: "Mtazameni vizuri huyu, ndiye atakayeua!" Wewe! Nani kakuuliza?

Kuna pale saluni. Hedy anashuka ngazi, nywele zimekatwa na kupakwa rangi sawasawa na za mwenzake, kama vile kavua kichwa cha Allie akakivaa. Allie anamkodolea tu. Utamu wote uko hapo. Mimi niliwahi kupanga Sinza na rafiki aliyeanza kwa kuazima viatu vyangu, akaishia kucheka kicheko changu mbele ya wageni wangu, kwa hiyo ile sura ya Allie naijua. Unajua DJ alikuwa anafanya nini? Anatuma salamu! Kwa wana Mbagala, kwa fundi wake wa simu, kwa mama fulani muuza chipsi. Amemaliza salamu, tukio limeshapita.

Allie anapokuja kufukunyua kisanduku cha Hedy, ndani kuna kipande cha gazeti. Hapo ndipo unajua Hedy alikuwa pacha, na mwenzake alikufa maji wakiwa na miaka 9. Yaani anamtafuta pacha wake kwa kila mwanamke anayekutana naye! Kila kitu kinageuka, unaanza kumwogopa na kumhurumia kwa pamoja. DJ kasema nini? "Hizi ni barua za mganga, dada ni mchawi." Basi. Pacha hakumtaja kabisa.

Na usiniambie watu wa bandani wanataka kuchekeshwa. Wachekeshe kwenye muvi za ngumi, huko hata ukiongea mpaka mwisho hakuna anayepoteza kitu. Jennifer Jason Leigh aliyecheza Hedy anaigiza kwa kunyamaza. Wewe unamjazia maneno!

Ile sehemu ya kiatu siisemi, humu wapo ambao hawajaiona na mimi siyo DJ. Mwenye kopi yenye maandishi chini, bila mtu anayeongea, anishtue PM. Hata kwa buku mbili nachukua.