Tupeane uzoefu: unyevu unavyoharibu vanishi ya rodi za kuvulia za kuunda kwa mkono

FundiPete (Mtwapa)

Wadau, salaam. Masika hiyo inakuja, na boti za uvuvi wa wageni Watamu, Malindi na Shimoni karibu zitapandishwa. Rodi zitalala ndani miezi kadhaa, zikitolewa uzi unaofunga pete (za kupitishia mshipi) umeingia ukungu na ufito, yaani mti wenyewe wa rodi, umeota vipele. Naomba tuweke hapa tunayoyajua kuhusu unyevu na vanishi. Vipimo vitajwe, "inategemea" zimetosha.

Naanza na utambuzi, kwa sababu rodi nyingi hukwanguliwa bure.

Pitisha kidole juu ya epoksi, ile vanishi ya resini na kigumishi inayofunika uzi. Ukikuta utando wa mafutamafuta na mng'ao umefifia, chukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, sugua. Ukitoka, ujue kigumishi kilikutana na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani kabla hakijashikana vizuri na resini, kikafanya chumvichumvi juu. Hiyo huyeyuka kwa maji. Usianze na spiriti wala thina, utaitandaza tu. Ikauke, pitisha msasa namba 600 mkono mwepesi, paka koti jipya.

Ukikuta inanata na sabuni haiondoi kitu, hapo unyevu unasingiziwa. Ni vipimo au ni kuchanganya. Epoksi nyingi za rodi ni sehemu moja ya resini kwa moja ya kigumishi, kwa ujazo, na mtu anapima ml 1 na ml 1: akikosea sehemu ya kumi ya ml, tayari kakosea asilimia 10. Pima angalau ml 3 kwa 3, hata kama nyingine utaitupa. Koroga dakika mbili hadi tatu ukikwangua kuta za kikombe, kisha mimina kwenye karatasi ya foili itandae. Mapovu hupanda yenyewe na haigandi upesi. Rodi inayonata kwa kawaida huokolewa na koti la pili lililopimwa sawasawa. Usikwangue.

Ukungu mweupe ndani ya uzi: kuna maji au hewa chini. Vipele kwenye ufito mtupu, mbali na uzi: lawama ni ya mrija wa kuhifadhia rodi. Hayo mawili nawaachia wengine.

BiNyuzi (Tanga)

Ukungu wa ndani ya uzi mara nyingi hutoka kwenye kinga ya rangi, ile ya majimaji meupe tunayopaka ili uzi wa nailoni usigeuke mweusi ukiguswa na epoksi. Ni akriliki iliyochanganywa na maji. Kopo linasema ikauke. Pwani kukauka huko si kwa saa mbili. Juu inakuwa kavu kwa mguso, ila ndani ya mizunguko ya uzi na kando ya mguu wa pete (kile kichuma chake kinacholala juu ya ufito chini ya uzi) bado mbichi. Ukifunika na epoksi, maji yaliyobaki hayana pa kwenda: yanageuka mabaka meupe, au viputo vinavyojitokeza wakati epoksi inaganda.

Utaratibu: koti la kwanza jingi, loanisha uzi mpaka ushibe, futa ziada kwa kidole. Saa 24. Koti la pili jepesi. Saa 24 nyingine, chumba kikavu na feni. Msimu wa mvua ongeza siku ya tatu bila kujiuliza. Ukiwa na haraka, tumia uzi ambao rangi imekwisha kufungwa kiwandani. Huo haudai kinga kabisa, na epoksi inazama hadi kwenye ufito. Kwa rodi ya bahari kuu mimi napendelea huo hata bila haraka. Kinga ya rangi huzuia epoksi isishike uzi na ufito pamoja, na palipo na mwanya ndipo chumvi inapoingia.

Jambo dogo linalosumbua watu: sindano za duka la dawa zenye mpira mweusi ndani zimepakwa mafuta ya silikoni. Epoksi ikiguswa nayo hujikunja na kuacha vidoti vitupu, na fundi analaumu umande. Tafuta sindano za plastiki tupu, moja ya resini, moja ya kigumishi, ziandikwe. Na kifuniko cha kigumishi kirudishwe papo hapo, kinafyonza unyevu kikiwa wazi.

Kolekole_Dar

Vipele vya mrija. Rodi imeoshwa au imenyeshewa, inaingizwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, mfuko ndani ya mrija wa alumini, kifuniko kinafungwa, mrija unaachwa ndani ya gari juani. Gari lililofungwa mchana hupita nyuzi 50 kirahisi. Maji ya kwenye kitambaa hugeuka mvuke usio na njia ya kutoka. Vanishi huzuia maji yanayotiririka, lakini mvuke wa moto hupenya taratibu. Ukifika kati ya vanishi na ufito na joto likashuka, unakuwa tone. Tone hilo linainua vanishi. Ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo, na ukitazama kwa mwanga wa upande unaona vidoti vimejipanga pale kitambaa kilipogusa.

Dawa yake haina maajabu. Itoe, isimamishe kivulini kwenye upepo wiki mbili. Vipele vidogo vingine hulala vyenyewe. Vilivyobaki ni ubaya wa sura. Nguvu ya ufito iko kwenye nyuzi za kaboni. Ukitaka kuvifuta, msasa wa maji namba 800 hadi 1000, kwa urefu wa ufito, ukiishia kwenye vanishi. Ukianza kuona vumbi jeusi umefika kwenye kaboni, acha hapo hapo. Ikauke siku mbili, kisha koti jembamba la vanishi ya yuretheni. Usipake epoksi nzito ya uzi kwenye ufito mzima, itaongeza uzito na kuua mrudisho wa ncha.

Swali kutoka kwa ChewaMdogo

Wakuu, kwani nikiianika juani moja kwa moja si itakauka haraka zaidi?

Kolekole_Dar

Itakauka, ila jua hilo hilo hugeuza epoksi kuwa ya manjano na kuikausha mpaka ipasuke. Kivuli na upepo, mdogo wangu. Na mfuko wa kitambaa ukaushwe peke yake, watu husahau mfuko.

DekiShimoni

Kwa sisi wa kukokota chambo, rodi haziharibiki katikati, zinaharibikia kwenye mguu wa pete. Rodi inapopinda na samaki mzito, mguu wa chuma haupindi sawa na ufito. Ncha ya mguu inasukuma epoksi, ufa mwembamba wa mviringo unatokea pale mguu unapoishia. Maji ya bahari yanaingia humo, yanafuata kale ka-mfereji kalikopo kila upande wa mguu ambako uzi umeruka bila kugusa ufito. Chumvi ikikauka inabaki, na chumvi huvuta unyevu hata rodi ikiwa ukutani. Kwanza ukungu, halafu mstari wa kahawia wa kutu chini ya uzi, halafu pete inacheza.

Kuzuia ni kazi ya kabla ya kufunga uzi. Noa ncha ya mguu kwa tupa mpaka iwe nyembamba ya kukaa juu ya ufito bila ngazi. Ukiigusisha ukucha usikwame. Chuma kilichonolewa kinashika kutu kuliko kilivyotoka kiwandani, kwa hiyo kipakwe epoksi chembamba kabla ya uzi. Pete za titani hazina shida hiyo, bei ndiyo shida. Koti la kwanza la epoksi liwe jepesi na la uvuguvugu: pitisha joto la mashine ya nywele kwa umbali, utaona inavyonywewa kwenye mfereji na viputo vinatoka. Ukiona kiputo kinatoka sehemu moja tu kila mara, hapo kuna tundu, elekeza brashi hapo. Koti la pili baada ya saa 24.

Mwisho wa siku baharini: maji baridi ya mpira, yanayotiririka kwa upole. Mashine ya presha ya kuoshea boti isisogee karibu na rodi, inapiga chumvi ndani ya nyufa. Rili itolewe, kwa sababu chini ya mguu wa rili na pale mpini wa sponji unapokutana na kikalio cha rili ndipo maji hulala, na alumini huota unga mweupe. Pete za magurudumu, za kampuni ya AFTCO na nyinginezo, zungusha kila gurudumu kwa kidole huku maji yakipita. Kisha kitambaa cha pamba, na kusimama wazi usiku mzima.

MsafiriMaskati

Nawaongezea la huku Ghuba, linawahusu na ninyi wenye AC. Kiangazi hewa ya nje ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, umande hujitunga kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27 hivi. Ufito uliolala chumba cha AC cha nyuzi 22, ukiutoa kwenda kibarazani kupaka, unatoka jasho jembamba usiloliona. Unapaka epoksi juu ya maji. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba uso wa kitu uzidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Kwa hiyo ama ufito ukae saa kadhaa pale pale utakapopakwa, au kazi yote ifanyike ndani ya AC, kuanzia kupaka hadi kuganda. Mimi naona ndani ndiyo bora, AC inakausha hewa. Joto la chumba nyuzi 24 hadi 26, unyevu chini ya 60, kipima unyevu kiwe mezani.

Asiye na AC apake mchana joto likiwa juu, saa sita hadi saa tisa, ndipo unyevu uko chini. Kupaka jioni ili igande usiku ni kuikaribisha ile chumvichumvi ya FundiPete. Na msilete jiko la mkaa chumbani eti liongeze joto: linatoa kaboni dioksidi, ile ile inayofanya utando, mbali na sumu yake kwa mtu.

FundiPete (Mtwapa)

Sawa kabisa kaka. Mota ya kuzungushia rodi iliyopakwa nayo iendelee kwa muda wa saa nne hadi sita, hata kama epoksi inaonekana imeshika. Mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa inatosha, huzunguka kama mara tano au sita kwa dakika.

MzeeWaMwanzi (Uingereza)

Nyote mnazungumzia kaboni. Rodi za mwanzi uliopasuliwa, vipande sita vilivyogundishwa, zina hatari kubwa zaidi, maana mwanzi wenyewe hunywa maji. Maji huingilia chini ya kiungo cha chuma, pale vanishi inapopasuka kwa kupinda, na pembeni mwa uzi wa hariri. Dalili ya kwanza ni weupe chini ya vanishi karibu na kiungo. Ukichelewa, gundi ya zamani inaachia na ufito unabaki umepinda upande mmoja. Usiupashe moto kuunyosha ukiwa na maji ndani. Kausha wiki kadhaa ukining'inia wima, halafu ziba ufa kwa vanishi ya mafuta ya boti iliyopunguzwa, ncha ya brashi tu. Shelaki isitumike juu, hugeuka nyeupe ikiguswa na maji.

ChewaMdogo

Shikamoo mzee, asante. Wakuu, la mwisho: uzi wenye kutu chini nautoaje bila kukata ufito?

DekiShimoni

Wembe mpya, ukate juu ya mguu wa pete tu, kwa urefu wake, chuma kikiwa chini ya wembe. Kamwe usikate upande ambao chini yake ni ufito. Mkwaruzo mmoja kwenye kaboni ndipo rodi itakapovunjikia. Pasha epoksi kwa mashine ya nywele mpaka ilainike, vuta pete itoke, kisha menya uzi kwa ukucha au kijiti cha plastiki. Mabaki yafutwe kwa spiriti. Kama pete imekula kutu mpaka ina vishimo, usiirudishe. Funika ufito kwa kitambaa kikavu, acha siku mbili kabla ya uzi mpya.